Visiwa vya raha viko jirani, ya nini kulilia Mombasa?

Na Mwandishi Wetu

LIKIZO zikikaribia, wazazi wengi wa Isebania huanza kuyakwepa macho ya watoto wao. Wanalijua swali litakalofuata. Mwaka huu tutatembea wapi? Na jibu ambalo mtoto analingojea pia wanalijua. Picha yake ameiona katika kalenda iliyoning'inizwa dukani, akaiona katika televisheni, na siku hizi anaiona katika simu ya mama yake: kisiwa chenye mchanga mweupe, minazi iliyoinamia maji na watu waliojilaza chini yake kana kwamba duniani hakuna karo wala deni.

Kwa wengi wetu huku mpakani, picha hiyo ina majina mawili tu. Ni Mombasa, au Zanzibar kwa wale ambao mifuko yao imetuna. Mzazi hupiga hesabu. Kutoka Isebania hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 800. Ni safari ndefu hadi Nairobi, kisha gari la moshi au basi jingine hadi pwani. Zidisha nauli hiyo kwa watu watano, kwenda na kurudi, kabla hata hujalipia kitanda. Mwisho wa hesabu mzee huvuta pumzi na kusema, "Mwaka ujao, Mungu akipenda." Mwaka ujao ukifika, husema vivyo hivyo. Wako pia wanaokopa ili watoto wao wasichekwe na wenzao, na Januari ikija na karo yake, raha yote ya pwani hugeuka majuto.

Makala haya hayana nia ya kumvunja moyo anayeota Mombasa. Pwani ni nzuri, na inafaa kila Mkenya aione angalau mara moja maishani. Lakini wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Mbachao wetu sisi watu wa kusini mwa Nyanza ni ziwa, na ndani ya ziwa hilo mna visiwa ambavyo wageni hukata bahari kuja kuviona.

Hebu chukua ramani. Kisiwa cha Mfangano kiko kama kilomita 50 tu kusini mwa mstari wa ikweta. Mombasa iko nyuzi nne kusini ya mstari huo, na Zanzibar iko nyuzi sita. Ikiwa kinachotafutwa ni kisiwa cha nchi za joto, basi hapa ndipo penyewe hasa. Tofauti ni kwamba Ziwa Victoria limeinuka karibu mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kwa hivyo usiku wake huwa na ubaridi mtamu ambao pwani haupatikani.

Kwa miaka mingi watalii kutoka Ulaya na Marekani wamekuwa wakipanda ndege ndogo katika mbuga ya Maasai Mara na kutua Rusinga au Mfangano kuvua mbuta. Si ajabu basi kumpata mgeni wa kutoka London anayekijua kisiwa ambacho mtoto wa Isebania, aliye umbali wa nusu siku kwa matatu, amekisikia redioni tu. Jambo hilo lapaswa kutufikirisha.

Njia yenyewe

Kutoka Isebania unashika barabara kuu ya kwenda Migori, unapita Awendo penye mashamba ya miwa na kiwanda cha sukari, hadi Rongo. Hapo unaiacha njia ya Kisii na kukata kushoto kuelekea Rodi Kopany na Homa Bay. Kutoka Homa Bay kuna barabara ya lami hadi Mbita, vilima vikiwa upande mmoja na ziwa likichungulia upande wa pili. Safari nzima haifiki kilomita 200. Anayetumia matatu atabadilisha gari mara mbili au tatu, lakini akiondoka alfajiri, chakula cha mchana atakila huku akitazama maji.

Mbita ni mji mdogo wenye shughuli nyingi. Hapa ndipo penye soko la samaki, gati la feri na maboti ya kwenda visiwani, na hapa ndipo penye kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE, taasisi iliyoasisiwa mwaka 1970 na msomi mashuhuri, Profesa Thomas Odhiambo. Ng'ambo ya mji, mbele ya macho yako, ni Rusinga.

Kwa yule anayeogopa mashua, habari njema ni kwamba Rusinga haihitaji mashua. Miaka ya 1980 ilijengwa njia ya mawe na udongo iliyokiunganisha kisiwa hicho na nchi kavu. Magari yalipita, lakini mkondo wa maji ukazibwa, na maji yakalala yakachafuka. Ndipo katika miaka ya 2010 likajengwa daraja ambalo limeyaachia maji nafasi ya kupita chini. Leo unavuka kwa gari, kwa pikipiki au hata kwa miguu, na watoto husimama darajani kuzitazama mashua zikipita chini yao.

Rusinga, alikolala Mboya

Watu wazima wengi hufika Rusinga kwa sababu moja, nayo ni kuliona kaburi la Tom Mboya. Mwanasiasa huyo alizaliwa mwaka 1930 katika shamba la mkonge karibu na Kilima Mbogo, ambako baba yake alikuwa akifanya kazi, lakini asili yake ni Rusinga. Alipigwa risasi jijini Nairobi tarehe 5 Julai 1969, akiwa Waziri wa Mipango ya Uchumi na Maendeleo. Hakuwa ametimiza miaka 39.

Jengo lililo juu ya kaburi lake lina umbo la risasi, na ndani yake zimo picha na baadhi ya vitu alivyovitumia. Mzazi mwenye busara hatampitisha mtoto mbio mahali hapa. Atamkalisha chini amweleze jinsi kijana asiye na shahada ya chuo kikuu alivyowaongoza wafanyakazi wa nchi nzima, na jinsi alivyosaidia kupeleka mamia ya vijana kusoma Marekani kwa ndege kuanzia mwaka 1959, wakati ambapo milango ya elimu ya juu ilikuwa imefungwa kwa Mwafrika. Somo hili ni tamu zaidi likisimuliwa pale pale kuliko likisomwa kitabuni usiku wa kuamkia mtihani.

Lakini historia ya Rusinga ni kongwe kuliko siasa. Mwaka 1948 mtafiti Mary Leakey aligundua kisiwani humu fuvu la mnyama wa jamii ya sokwe aliyeishi yapata miaka milioni 18 iliyopita. Dunia ya wasomi ilitikisika, kwani hakuna aliyekuwa amewahi kuuona uso wa sokwe wa kale kiasi hicho. Mnyama huyo alijulikana kwa jina la Proconsul, na mwaka 2015 wanasayansi wakayapa masalia ya Rusinga jina jipya la Ekembo, neno walilolitoa katika lugha ya Kisuba. Kwa hivyo lugha ndogo ya visiwani imeingia katika vitabu vya sayansi vya dunia nzima.

Masalia ya kale bado hutokeza ardhini mvua zikiosha miteremko. Waonye watoto mapema kwamba jiwe lenye umbo la jino au mfupa halitiwi mfukoni. Sheria ya makavazi na turathi ya mwaka 2006 inayalinda masalia hayo, na ukiona kitu cha ajabu, kiache pale pale umwite mwenyeji.

Jambo jingine ambalo wachache walijua: kati ya mwaka 2012 na 2015, nyumba za Rusinga zilitiwa mitego ya mbu inayotumia nguvu za jua na kutoa harufu kama ya mwili wa binadamu, ili mbu adanganyike na kunaswa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kuwa malaria ilikuwa pungufu kwa kiasi cha asilimia 30 katika nyumba zenye mitego. Wakazi wa kisiwa hiki wamewafunza wataalamu wa dunia mambo mengi.

Mfangano na Takawiri

Anayetaka kisiwa hasa, kilichozungukwa na maji pande zote, na akae katika boti kuelekea Mfangano. Ukiwa majini unakiona kisiwa kikiinuka kama mlima uliotumbukizwa ziwani, kwani kilele chake kinapita mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Feri na maboti ya abiria kutoka Mbita hutia nanga Sena, ambayo ndiyo makao makuu ya kisiwa.

Huku ndiko kwa Abasuba. Wazee wao walilivuka ziwa kutoka upande wa Uganda yapata karne ya 18. Kwa miaka mingi wameishi na Wajaluo, wakaoana nao, na lugha ya Kisuba ikamezwa polepole hata leo wengi wanaoizungumza kwa ufasaha ni wazee. Hapa mgeni kutoka Isebania ana bahati ambayo mtalii wa Ulaya hana. Kisuba na Kikuria ni lugha zenye undugu wa karibu. Mkuria akiketi na mzee wa Mfangano na kuanza kulinganisha maneno ya nyumbani, ya mifugo na ya ukoo, atashangaa kusikia mwangwi wa lugha ya nyanya yake. Makavazi ya Amani ya Jamii ya Abasuba, yaliyo kisiwani humo, yaliundwa kuhifadhi utamaduni huo usipotee.

Mfangano pia ina michoro ya kale katika mapango na miamba ya Mawanga na Kwitone. Ni miduara iliyozungushwa mmoja ndani ya mwingine, kwa rangi nyekundu na nyeupe, mingine ikiwa na miale kama ya jua. Inasadikiwa kuwa ilichorwa na wawindaji wa jamii ya Watwa waliokuwako kabla ya wakulima na wafugaji kufika, na wenyeji waliihusisha na maombi ya mvua. Usiiguse michoro hiyo kwa mkono, wala usiimwagie maji ili ing'ae kwa ajili ya picha. Imevumilia jua na mvua kwa karne nyingi, lakini haitauvumilia mkono wa mgeni.

Na ile picha ya kalenda? Iko Takawiri, kisiwa kidogo kati ya Mbita na Mfangano. Hapo pana mchanga mweupe na minazi, vitu ambavyo mtu hatazamii kuvikuta ziwani. Wengi wanaoonyeshwa picha ya Takawiri huapa kuwa ni Malindi. Hata hivyo, tafadhali uliza kabla ya kwenda. Ziwa lilifurika vibaya mwaka 2020 na tena mwaka 2024, fuo nyingi zikamezwa na maji, na mchanga uliouona katika picha ya zamani huenda usiukute wote.

Raha nyingine huja baada ya jua kutua. Wavuvi wa omena huingia ziwani na taa zao ili kuwavuta samaki, na katika usiku wa giza ziwa lote huonekana kama mji mkubwa uliowashwa taa. Mtoto akiuona mji huo usio na nyumba hatausahau. Asubuhi atawaona kina mama wakianika omena hizo juu ya nyavu, furukombe akipiga kelele juu ya mti, na mnandi wakikausha mabawa juu ya mawe.

Si kila kisiwa ni cha starehe

Kuna kisiwa kingine ambacho jina lake limevuma kuliko yote, nacho ni Migingo, mbali kidogo na Muhuru Bay katika Kaunti ya Migori. Wako vijana wanaotaka kwenda kukiona kwa sababu ya umaarufu wake tu. Migingo ni mwamba wa karibu nusu ekari uliojaa vibanda vya mabati, na wavuvi wamebanana juu yake kama omena guniani. Tangu mwaka 2008 na 2009 kisiwa hicho kimekuwa chanzo cha ubishi kati ya Kenya na Uganda, na askari wamewahi kuwasumbua wavuvi zaidi ya mara moja. Hapo ni mahali pa kazi ya jasho. Usimpeleke mtoto.

Kwa familia ambayo haiwezi kulala nje, kuna matembezi ya siku moja. Thimlich Ohinga, kaskazini-magharibi mwa mji wa Migori, ni boma la kuta za mawe yaliyopangwa bila simiti wala udongo tangu karne ya 16, na mwaka 2018 liliingizwa katika orodha ya UNESCO ya turathi za dunia. Nayo mbuga ya Ruma katika bonde la Lambwe, yenye ukubwa wa kilomita 120 za mraba, ndiyo makao ya pekee nchini ya yule swala mkubwa aitwaye korongo. Anayerudi kutoka Mbita anaweza kuipitia.

Wenye hati za kusafiria wanaweza pia kuvuka Sirari na kwenda upande wa Tanzania. Kisiwa cha Ukerewe, kikubwa kuliko vyote katika Ziwa Victoria, hufikiwa kwa feri kutoka Mwanza, au kwa barabara ya Bunda hadi kivuko cha Kisorya. Ukerewe ndiko alikoishi Aniceti Kitereza, aliyeandika riwaya ndefu ya maisha ya watu wake kwa Kikerewe na kuikamilisha mwaka 1945, kisha akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Ilichapishwa mwaka 1980, na mwaka uliofuata mzee huyo akafariki.

Tahadhari kabla ya hatari

Ingekuwa dhambi kuwasifia wasomaji visiwa na kuwaficha hatari zake. Ziwa hili halina mchezo. Tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza na mamia ya watu wakafa. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, nchi kavu ikionekana, na zaidi ya watu 200 wakapoteza maisha. Vyombo vyote viwili vilikuwa vimejazwa watu kupita kiasi.

Kwa hivyo, mzazi, usione haya kuuliza. Mwendee nahodha kwa adabu: "Shikamoo mzee, boti lako hubeba watu wangapi? Jaketi za kuokolea maisha ziko ngapi?" Nahodha mzuri hatakasirika. Kila mtu avae jaketi kabla boti halijaondoka, na mtoto avae la saizi yake, si la mtu mzima linaloning'inia mabegani. Boti likiwa limejaa, shuka ungoje jingine, hata kama wenzako watakucheka. Vuka asubuhi ikiwezekana, maana mchana upepo huinuka na mawimbi nayo. Na wingu jeusi likitanda, kubali kulala ulipo. Kuchelewa siku moja kazini ni afadhali kuliko kutofika kabisa.

Hatari ya pili haionekani kwa macho. Ni kichocho. Ugonjwa huu huletwa na vijidudu vinavyotoka katika konokono wa majini na kupenya ngozi ya mtu kwa dakika chache tu. Hupatikana hasa katika maji ya kina kifupi yenye majani, pale pale watoto wanapopenda kucheza. Usidanganyike kwa kuwaona watoto wa kijijini wakipiga mbizi. Wengi wao hupata kichocho mara kwa mara na kutibiwa shuleni. Ukweli mchungu ni kwamba kuogelea katika maji ya ukingoni si jambo la kumruhusu mtoto. Atakayetaka kuogelea na atafute hoteli yenye bwawa. Maji ya kuogea yawe yamechemshwa, au yametulia katika pipa lililofunikwa kwa siku mbili. Aliyeingia ziwani aende akapimwe wiki sita hadi nane baada ya kurudi, kwani dawa ipo na inatibu.

Kiboko na mamba pia wapo. Usitembee ukingoni usiku, na usimtume mtoto kuteka maji asikokujua. Chandarua ni lazima, na mtu akipata homa baada ya safari asinywe panadoli akalala, bali apimwe malaria upesi.

Gharama si kama unavyodhani

Safari hii haihitaji mkopo. Inahitaji mpango. Akiba haiozi, na haba na haba hujaza kibaba. Familia ikiweka Sh50 kila siku, kwa siku 300 itakuwa na Sh15,000. Fedha hizo hazitalipia hoteli ya watalii wa kutoka Ulaya, lakini ni mwanzo wa maana kwa nauli, nyumba ya wageni ya kawaida na samaki mezani. Zitieni katika kibubu, au mumkabidhi mweka hazina wa chama, na watoto waambiwe zinawekwa kwa ajili gani. Mtoto anayejua kwamba soda aliyoikosa leo ndiyo nauli ya boti kesho, hufunzwa jambo ambalo shule haifundishi.

Piga simu mapema uulize bei, kwa sababu Desemba vyumba hujaa watu wanaorudi makwao kwa sikukuu. Likizo ya Agosti aghalabu huwa na mvua kidogo kuliko ya Aprili. Siku tatu zinatosha: ya kwanza kusafiri na kuiona Mbita, ya pili Rusinga, ya tatu boti hadi Takawiri au Mfangano. Mwenye nafasi aongeze siku ya nne ya kupumzika tu, bila kwenda popote. Wazazi wetu wa mpakani, wanaoamka saa kumi usiku kufungua duka au kungojea malori, wanasahau kwamba kulala hadi jua litoke nako ni sehemu ya likizo.

Mgeni njoo, mwenyeji apone

Kalenda ya dukani ina uongo mmoja mkubwa. Huonyesha kisiwa kisicho na watu, kana kwamba kiliumbwa kwa ajili ya mgeni peke yake. Visiwa vyetu si hivyo. Rusinga na Mfangano ni makwao watu wengi wanaolima, wanaovua, wanaosomesha watoto na kuzika wazee wao. Unapopita katika ufuo wenye nyavu, umepita uani kwa mtu.

Basi ingia kama mgeni mwenye adabu. Asubuhi wasalimu kwa "Oyawore", na ukipewa kitu sema "Erokamano". Omba ruhusa kabla ya kumpiga picha mama anayeanika samaki, na usiwakanyagie omena wao. Nguo za kuogelea zina mahali pake, na hapo si sokoni. Taka zako zirudi nawe Mbita.

Zaidi ya yote, acha fedha yako kisiwani. Kula ngege na ugali wa mtama kwa mama muuza chakula badala ya kubeba mkate kutoka Isebania. Mlipe kijana wa hapo akuongoze hadi mapangoni, hata kama unadhani njia unaiona. Mbuta wamepungua, nyavu ni ghali, na kijana anayepata riziki kwa kuonyesha michoro ya kale atailinda michoro hiyo kuliko askari yeyote. Mgeni njoo, mwenyeji apone; lakini mwenyeji hatapona kwa mgeni aliyekuja na kila kitu na kuacha makaratasi tu.

Shule zikifunguliwa, mwalimu atasema kama kawaida: andikeni insha juu ya likizo yenu. Mwenzake aliyekwenda Mombasa ataandika juu ya bahari, na ni vyema. Mtoto wako ataandika juu ya fuvu la miaka milioni 18, juu ya taa za wavuvi usiku, na juu ya mzee wa Kisuba aliyeyajua maneno ya nyanya yake. Tena hakutakuwa na deni linalowangojea mlangoni. Anzeni kuweka akiba kesho.